Msamaha, ukweli au mahakama? Njia za kutoka vitani zilizojaribiwa Afrika, na kila moja ilizaa nini

Mwaka 2006 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilitoa hati ya kumkamata Bosco Ntaganda, kamanda wa wanamgambo, kwa kuwaingiza watoto vitani huko Ituri, mashariki mwa Kongo. Januari 2009, hati ikiwa bado hai, mtu huyohuyo alipokewa katika jeshi la Kongo na kuwa jenerali. Aliishi Goma peupe. Serikali ya Kinshasa haikuificha hoja yake: Kivu ilihitaji amani kwanza, haki ingesubiri. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2012, Bosco na wenzake waliasi, kundi la M23 likazaliwa, na Novemba ya mwaka huo Goma ikaangukia mikononi mwao.

Upande wa pili kuna Uganda. Mwaka 2005 mahakama hiyohiyo ilitangaza hati za kumkamata Joseph Kony na makamanda wake wanne wa kundi la waasi la LRA. Mwaka uliofuata mazungumzo yalianza Juba, na watu wa Acholi waliokuwa wamerundikwa kambini kwa miaka wakaanza kurudi mashambani. Kony alitaka hati zifutwe kwanza ndipo asaini. Hazikufutwa, naye hakusaini. Desemba 2008 jeshi la Uganda lilishambulia kambi zake katika hifadhi ya Garamba, na Krismasi hiyo LRA wakalipiza kisasi kwa kuua mamia ya raia wa Haut-Uélé, Wakongo ambao hakuna aliyewauliza lolote Juba.

Wanaosema hakuna amani bila haki hukutolea kisa cha Bosco. Wanaosema haki ya pupa huua amani hukutolea kisa cha Kony. Wote wawili wana ushahidi, ndiyo maana mabishano yao hayamsaidii mtu ambaye kweli yuko kwenye uamuzi: mjumbe wa asasi ya kiraia Bukavu, mzee wa baraza Bunia, wakili Bujumbura anayeombwa maoni juu ya rasimu ya sheria ya msamaha. Huyo anahitaji kujua nani asamehewe, kwa bei gani, na nini kitangulie. Kwa ajili yake nimeziweka bega kwa bega njia zilizokwisha kujaribiwa katika bara letu. Sina msimamo wa katikati katika jambo hili: naamini msamaha unaotolewa bure, bila mtu kusema alichofanya, ni deni ambalo watoto wetu hulilipa kwa riba. Lakini nimejitahidi kuonyesha pia pale ambapo njia nisiyoipenda ilifanya kazi.

Msamaha wa jumla: Msumbiji, na Zanzibar kwa kiasi chake

Serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo walisaini mkataba wa Roma tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya miaka 16 ya vita na vifo vinavyokadiriwa kufika milioni moja. Siku chache baadaye bunge lilipitisha msamaha kwa wote. Hakuna tume iliyoundwa, hakuna kesi iliyofunguliwa. Wapiganaji walirudi vijijini, na huko kazi ambayo serikali iliikwepa ikafanywa na waganga wa jadi na makanisa: kumwosha aliyeua, kumpokea tena, kutuliza roho za waliokufa bila kuzikwa. Wakimbizi walirudi kutoka Malawi na Tanzania, na kwa miaka ishirini hivi nchi haikurudi vitani.

Hilo ni jambo kubwa na halifai kubezwa. Liliwezekana kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zimechoka kabisa, na kwa sababu madhambi yalitapakaa kote kiasi kwamba hapakuwa na aliyetamani kufungua daftari. Ila mwaka 2013 Renamo walirudi kwenye silaha. Mwaka 2014 ukaja msamaha mwingine. Mwaka 2019 mwingine tena, pamoja na mkataba wa Maputo. Kiongozi anayejua kwamba kila akishika bunduki mwisho wake ni msamaha na viti bungeni, ana sababu gani ya kuiogopa bunduki?

Kwetu pwani mfano wa karibu ni Maridhiano ya Zanzibar. Novemba 2009 Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana, Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa mwaka huo ulipita kwa utulivu ambao Pemba na Unguja hazikuwa zimeuona tangu vyama vingi virudi. Lakini maridhiano yale yaligawa madaraka tu. Tume ya ukweli juu ya waandamanaji waliouawa na polisi Januari 2001, siku ambazo watu wa Pemba walikimbia kwa ngalawa hadi Shimoni, pwani ya Kenya, haikuwa sehemu ya makubaliano. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Uchaguzi ulipofutwa Oktoba 2015, kombe likafunuka.

Ukweli kama bei ya msamaha: Afrika Kusini

Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipokwisha, Sheria namba 34 ya mwaka 1995 iliweka sharti ambalo Msumbiji hawakuliweka. Msamaha haukuwa wa kundi, ulikuwa wa mtu mmoja mmoja. Mwombaji alipaswa kueleza yote aliyoyatenda, na kosa lenyewe liwe na lengo la kisiasa. Tume chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu ilianza kusikiliza wahanga Aprili 1996 mjini East London, hadharani, redio na televisheni zikirusha. Zaidi ya watu 21,000 walitoa maelezo yao.

Watu wengi huamini kwamba Tutu alisamehe kila mtu. Hesabu zinasema vingine: maombi ya msamaha yalikuwa 7,112, yaliyokubaliwa 849, na zaidi ya 5,000 yalikataliwa. Askari polisi waliohusika na kifo cha Steve Biko, mwanaharakati aliyekufa mikononi mwao, walinyimwa. Kwa muundo wa sheria, aliyekataliwa au ambaye hakujitokeza alipaswa kushtakiwa.

Hapo ndipo mpango ulipovunjika. Tume ilikabidhi waendesha mashtaka majina ya kesi takribani 300, na zilizofika mahakamani ni chache mno. Familia za wanaharakati wanne wa Cradock waliouawa mwaka 1985 bado zilikuwa mahakamani Juni 2025, uchunguzi wa vifo vile ukifunguliwa upya baada ya miaka arobaini. Mwezi uliotangulia Rais Ramaphosa alikuwa ameunda tume ya majaji kuchunguza kwa nini kesi za Tume ya Ukweli zilikwama. Wakati huo mashahidi na watuhumiwa wengi wamekwisha kufa.

Na fidia? Aliyepata msamaha aliupata siku ileile ya uamuzi. Mhanga alisubiri hadi mwaka 2003, akalipwa randi 30,000 mara moja, pungufu sana ya malipo ya miaka sita yaliyopendekezwa na tume yenyewe. Atakayeiga Afrika Kusini asiige mpangilio huu. Namna walivyobadilishana msamaha kwa ukweli naiona kuwa bora kuliko nyingine zote hapa. Waliloshindwa ni kutimiza nusu ya pili ya ahadi.

Rwanda: jengo la Arusha na nyasi za kijijini

Rwanda inafaa kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu palitumika njia mbili kwa wakati mmoja juu ya uhalifu uleule, mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994, na tofauti zake zinaonekana kwa macho.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa kwa Rwanda iliundwa Novemba 1994 na kuwekwa Arusha, katika jengo la mikutano la AICC. Ilifungwa mwisho wa mwaka 2015. Katika miaka hiyo iliwashtaki watu 93 na kuwatia hatiani takribani 60, kwa gharama inayokaribia dola bilioni 2. Walikuwa vigogo: Jean Kambanda, waziri mkuu, alikiri kosa la mauaji ya kimbari mwaka 1998 na kufungwa maisha. Mwaka huohuo Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo, na hukumu yake ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wanawake wa Taba waliosafiri hadi Arusha kutoa ushahidi walibadilisha sheria ya dunia. Mwaka 2003 wakahukumiwa waliotumia redio RTLM na gazeti la Kangura kuchochea. Hakuna baraza la kijiji ambalo lingeweza kuwafikia watu hao, wengine wakiwa wamejificha ng'ambo.

Lakini mama aliyebaki peke yake Butare alikuwa mbali na Arusha kwa kila maana. Na waliomuulia watoto wake hawakuwa mawaziri, walikuwa majirani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza ya Rwanda yalikuwa na watu wapatao 120,000, yamefurika hadi wafungwa wanakufa kwa msongamano. Kwa mwendo wa mahakama za kawaida, wengi wangezeeka bila kusikilizwa.

Ndipo ikafufuliwa Gacaca, mabaraza ya jadi ya kijijini ambayo watu hukaa kwenye nyasi. Baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2002, mabaraza takribani 12,000 yalikaa nchi nzima hadi Juni 2012, yakimaliza kesi karibu milioni mbili, nyingi kati ya hizo zikiwa za mali iliyoibwa au kuharibiwa. Mahakimu, inyangamugayo, walichaguliwa na wenyeji, bila mshahara. Hapakuwa na mawakili. Aliyekiri, akataja wenzake na kuonyesha walipotupwa waliouawa, alipunguziwa adhabu, na sehemu yake akaitumikia kwa kazi za jamii: kuchimba matuta, kupasua mawe, kujenga nyumba.

Ukimuuliza aliyenusurika Gacaca ilimpa nini, mara nyingi jibu la kwanza ni kwamba alijua wapi pa kufukua ili azike watu wake. Arusha isingempa hilo hata ingekaa karne nzima.

Ubaya wake nao ulikuwa mzito. Mashahidi walitishwa, wengine wakauawa. Kulikuwa na watu waliosingiziwa kwa sababu ya shamba, na wengine waliokiri kosa dogo ili kuficha kubwa. Walioamriwa kulipa mali walikuwa mafukara kama waliowaibia. Mwaka 2008 kesi za ubakaji zilihamishiwa Gacaca, na ingawa zilisikilizwa faraghani, kumwambia mwanamke asimulie hayo mbele ya mahakimu ambao ni majirani zake ni jambo ambalo hata leo siwezi kulitetea. Juu ya yote, makosa yaliyofanywa na askari wa RPF, kundi lililoshinda vita na kushika serikali, hayakuruhusiwa kufikishwa pale. Mhutu aliyefiwa kwa mikono ya upande ulioshinda alikaa kwenye nyasi zilezile akisikiliza vilio vya wengine, chake kikiwa hakina mahali. Arusha nayo haikumshtaki hata mmoja wa upande huo.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili kuchagua ni rahisi kuliko inavyosemwa: mpangaji na mchochezi apelekwe mahakama yenye mawakili, mbali na mitandao yake; jirani aliyemshambulia jirani asikilizwe kijijini, ambako uongo wake utajulikana. Mhanga wa ubakaji asilazimishwe kwenda kokote asikokuchagua. Tatizo la haki ya mshindi halitibiwi na yoyote kati ya hizo, na nitalirudia.

Kaskazini mwa Uganda: vyote kwa pamoja

Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilimwambia kila mpiganaji: toka msituni, kana uasi, usamehewe. Zaidi ya watu 26,000 kutoka makundi mbalimbali waliitikia, na viongozi wa dini wa Acholi ndio walioipigania, kwa sababu moja ambayo mtu wa mbali huisahau. Waliokuwa msituni walikuwa watoto wao. LRA waliteka watoto mashuleni na vitandani, wakawafanya wauaji. Mzazi wa Gulu aliposema “wasameheni” alimaanisha mwanangu arudi nyumbani.

Aliyerudi alipewa cheti, godoro, jembe, mbegu na fedha kidogo. Jirani yake ambaye nyumba ilichomwa na mume kukatwa midomo hakupewa kitu. Sijui chuki mpya ingeweza kupandwa kwa ufanisi gani zaidi ya huo, na iliwezekana kuiepuka kwa bajeti ndogo tu: kila godoro kwa aliyerudi, godoro kwa aliyebaki.

Mato oput, ambapo koo mbili hunywa mzizi mchungu baada ya kukiri na kulipa fidia, imesifiwa sana na wageni. Ni taratibu yenye hekima, kwa kazi yake: mauaji kati ya koo zinazojuana, ambapo muuaji na aliyeuawa wana majina. Mtoto aliyetekwa na kulazimishwa kuua hajui alimuua nani wala wa ukoo upi. Na Walango, kabila jirani, waliochinjwa Barlonyo mwaka 2004 hawana sababu ya kufungwa na desturi za Waacholi.

Dominic Ongwen ndiye aliyeyafumbata matatizo yote haya katika mwili mmoja. Alitekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule, akapanda hadi kuwa kamanda wa brigedi, akashambulia kambi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. ICC ilimtia hatiani Februari 2021 kwa makosa 61, ikamhukumu miaka 25, na majaji walisema wazi kwamba utoto wake ulipunguza adhabu ila haukufuta kosa. Nadhani walipatia. Februari 2024 mahakama iliamuru fidia: wahanga karibu 50,000, euro 750 kila mmoja kama ishara, jumla ikizidi euro milioni 52. Ongwen hana kitu, hivyo mzigo ukaachiwa mfuko wa wahanga unaoishi kwa michango ya hiari.

Na yale ya Juba hayakupotea yote. Mkataba mdogo wa uwajibikaji uliosainiwa Juni 2007, kupitia nyongeza yake ya Februari 2008, ulitaka Uganda iwe na kitengo maalumu cha Mahakama Kuu. Kikaundwa. Agosti 2024, mjini Gulu, kitengo hicho kilimtia hatiani Thomas Kwoyelo kwa makosa 44, kisha kikamfunga miaka 40. Ilichukua miaka 15 tangu akamatwe, muda usiovumilika. Hata hivyo hukumu ilisomwa Gulu, na waliotaka kuisikia walifika kwa bodaboda.

Kenya, kwa ufupi

Baada ya vifo zaidi ya 1,100 vya ghasia za uchaguzi za mwaka 2007 na 2008, bunge lilikataa mahakama maalumu ya ndani, kesi zikaenda The Hague, makao ya ICC, washtakiwa wawili wakaungana na kushinda uchaguzi wa 2013, na kufikia Aprili 2016 kesi za watuhumiwa wote sita zilikuwa zimekwisha bila hukumu ya hatia. Tume ya ukweli ilikabidhi ripoti Mei 2013, yenye mambo mazito kuanzia mauaji ya raia kule Wagalla, kaskazini mashariki mwa nchi, mwaka 1984. Mwenyekiti wake, Balozi Bethuel Kiplagat, alipingwa na wahanga tangu mwanzo kwa kuwa alikuwa katibu mkuu wa wizara enzi za Wagalla. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Wahanga wanaungojea. Kwa anayechagua, Kenya inafundisha mambo mawili: usiunde tume ambayo wahanga hawana imani na mwenyekiti wake, na usiitegemee The Hague kumshtaki mtu ambaye bado anaamuru polisi wanaowalinda mashahidi.

Uchague vipi

Ningeanza kwa kuuliza nani bado ameshika bunduki. Kama pande zote mbili bado zina majeshi, hutapata kesi za wakuu mwaka huu, na kuahidi hivyo ni kuwadanganya wahanga. Unachoweza kufanya ni kukataa msamaha wa jumla usiandikwe. Iachie sheria kimya, au isamehe uasi peke yake, kama sheria ya Kongo ya Februari 2014 ilivyoacha nje uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na ubakaji. Mlango usiofungwa leo unaweza kupitwa kesho. Bosco aliyekuwa jenerali mwaka 2009 alipewa kifungo cha miaka 30 mwaka 2019, kwa kuwa hakuna karatasi iliyokuwa imemsafisha.

Halafu: aliyetenda ataishi wapi? Kama ni mlango wa pili kutoka kwa mhanga, jela pekee haitoshi, kwa sababu siku moja atatoka. Hapo baraza la wenyeji ni la lazima, ila liwe na wasimamizi kutoka nje ya kijiji na haki ya kukata rufaa.

Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo Rwanda na Uganda walilikwepa: je, anayeendesha mashtaka naye anatuhumiwa? ICC haijamshtaki hata askari mmoja wa jeshi la Uganda kwa yaliyotendeka kaskazini. Kama serikali ni mshiriki wa vita, mamlaka ya kuchagua kesi yasiwe mikononi mwake peke yake. Majaji mchanganyiko, wa ndani na wa nje, ni ghali na ni wa taratibu, lakini sijaona dawa nyingine.

Kwa Kivu na Ituri, ambako Goma ilitekwa tena Januari 2025 na mazungumzo mapya yakafuata, watu wengi huniambia hakuna kinachowezekana. Wanasahau Kavumu. Karibu na uwanja wa ndege wa Bukavu, wasichana wadogo takribani 40, wengine hawajafikisha miaka miwili, walitekwa usiku na kubakwa na wanamgambo. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikaa Kavumu kwenyewe, ikasikiliza mashahidi waliofunikwa nyuso na kubadilishwa sauti, na ikawatia hatiani watu 11 akiwemo mbunge wa jimbo, Frederic Batumike, kiongozi wa kundi lile. Sheria ilikuwa ya Kongo, majaji walikuwa Wakongo. Mapigano yalikuwa yakiendelea kwingine Kivu wakati hukumu ikisomwa.

Kilichokwama Kavumu ni kilekile kilichokwama Johannesburg, Gulu na Nairobi: fidia iliamriwa au kuahidiwa, kisha ikachelewa, ikapunguzwa au ikabaki kwenye karatasi. Kwa hiyo ukiitwa kutoa maoni juu ya rasimu yoyote ya amani, kifungu cha kwanza cha kudai kiandikwe hivi: fedha za wahanga ziwe kwenye akaunti, jina la anayezisimamia lijulikane, na malipo ya kwanza yatoke kabla ya cheti cha kwanza cha msamaha kutolewa.